Kanda, Nakala na Hamu ya Zamani: Historia ya Ukusanyaji wa Filamu za James Bond Majumbani

Mwaka 1688, katika Chuo Kikuu cha Basel nchini Uswisi, mwanafunzi wa utabibu aitwaye Johannes Hofer aliwasilisha tasnifu kuhusu maradhi ambayo madaktari wa wakati wake hawakuwa wameyapa jina la kitaalamu. Walioyapata walikuwa watu walioishi mbali na kwao: walikosa usingizi, wakadhoofika, wakawa hawana fikira nyingine ila ya nyumbani. Hofer aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kurejea nyumbani na jingine lenye maana ya maumivu, akaunda neno nostalgia. Katika karne zilizofuata neno hilo lilitoka hospitalini likaingia katika mazungumzo ya kila siku, na maana yake ikahama kutoka mahali hadi wakati. Anayeugua nostalgia siku hizi hahitaji kurudishwa kijijini kwao. Anachokitamani ni miaka iliyopita, na huko hakuna nauli ya kumfikisha.

Kiswahili hakina neno moja linalobeba maana hiyo yote. Kina hamu, kina shauku, kina jitimai, kina ukiwa, na wafasiri hulazimika kuongeza neno zamani au kale ili kuziba pengo. Kina pia methali isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni ugonjwa. Pale pale ambapo daktari wa Basel aliona maradhi, wahenga wa Waswahili walikana kwamba pana mgonjwa. Ni kweli kwamba methali hiyo hutumika zaidi katika kusuluhisha ugomvi, na si haki kuitwisha nadharia nzima ya kumbukumbu. Hata hivyo, ni vizuri kuiweka karibu wakati wa kuichunguza hamu ambayo mhadhara huu unaihusu. Hamu yenyewe ni ndogo na ni ya kizazi kimoja. Ni hamu ya watu wa Uingereza na Marekani, wengi wao wakiwa watoto au vijana katika miaka ya 1970 na 1980, waliokusanya filamu za jasusi James Bond katika kanda za video, moja baada ya nyingine, mpaka rafu ikajaa, na ambao leo huzikumbuka kanda hizo kwa upendo kuliko wanavyozipenda filamu zenyewe katika umbo lake bora la sasa.

Huenda msomaji akauliza mada kama hii inaingiaje katika taaluma za Kiswahili. Jibu liko katika neno nakala. Fasihi ya kale ya Kiswahili imewafikia wasomaji wa leo kwa njia ya nakala zilizoandikwa kwa mkono, na kila nakala ina mwandishi wake, tarehe yake, mapengo yake na makosa yake. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yasingalichapishwa mwaka 1940 kama Mwalimu Sikujua na William Taylor wasingaliyakusanya na kuyanakili katika karne ya 19. Msomi wa miswada anajua kwamba swali la kwanza si kama shairi ni zuri, bali ni nakala ipi inasomwa, na nani aliyeitunza. Wakusanyaji wa kanda za video, bila kusomea jambo hilo popote, walijikuta wakiuliza swali hilo hilo.

Kabla ya kanda

Filamu ya kwanza ya mfululizo huu, Dr. No, ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini London tarehe 5 Oktoba 1962. Ikafuatiwa na From Russia with Love mwaka 1963, Goldfinger mwaka 1964 na Thunderball mwaka 1965. Katika miaka hiyo filamu ilikuwa tukio. Ilifika sinema, ikakaa majuma kadhaa, ikaondoka. Wasambazaji walizirudisha filamu za Bond mara kwa mara, wakati mwingine mbili kwa tiketi moja, lakini aliyekosa alikosa, na aliyeona alibaki na kumbukumbu yake tu, pamoja na riwaya za Ian Fleming na santuri ya muziki wa filamu kama vitu vya kushika mkononi.

Televisheni ilibadili hali hiyo nusu nusu. Huko Marekani shirika la ABC lilirusha Goldfinger tarehe 17 Septemba 1972; huko Uingereza ITV ilirusha Dr. No tarehe 28 Oktoba 1975. Filamu iliyokuwa ikiendewa mjini sasa ilimfuata mtu sebuleni, ingawa ilikuja kwa ratiba ya mwenye kituo na kwa mkasi wake. Mfano uliokithiri ni ule wa ABC mwaka 1976, ilipoonesha On Her Majesty's Secret Service kwa vipande viwili katika siku mbili, ikabadili mpangilio wa matukio na kuongeza sauti ya msimulizi ambayo haikuwamo katika filamu. Watazamaji waliokutana na hadithi hiyo kwa mara ya kwanza siku hizo walipokea tungo tofauti na ile ya mwaka 1969, na wengi hawakuwa na njia ya kulijua hilo.

Kiasi cha kiu kilichokuwapo kinapimika kwa usiku mmoja. Tarehe 20 Januari 1980, ITV iliporusha Live and Let Die, watazamaji walikadiriwa kufikia milioni 23.5, idadi ambayo hakuna filamu nyingine iliyowahi kuifikia katika televisheni ya Uingereza. Wengi wao walitazama wakijua kwamba ikipita imepita. Wachache walikuwa na deki.

Deki zilikuwa zimeanza kuuzwa miaka michache tu kabla: Sony ilitoa Betamax mwaka 1975, na JVC ikatoa VHS nchini Japani mwaka 1976. Ushindani kati ya mifumo hiyo miwili umesimuliwa mara nyingi na hauna haja ya kurudiwa hapa. La muhimu ni kwamba katika kasha la plastiki lenye utepe wa upana wa milimita 12.7, mtu wa kawaida aliweza kwa mara ya kwanza kuizuia filamu isiondoke.

Kanda za kwanza za wakusanyaji wengi, basi, zilirekodiwa nyumbani kutoka hewani. Ukanda wa aina hiyo una sifa zake. Mwanzo umekatwa, kwa sababu aliyebonyeza kitufe alichelewa. Mwisho umekatwa pia, kwa sababu utepe uliisha kabla ya filamu. Kanda ya kawaida ya Marekani ilichukua saa 2 kwa mwendo wa kawaida, wakati On Her Majesty's Secret Service peke yake ina dakika 142, hivyo mrekodi alichagua ama kupunguza mwendo na kuharibu picha, ama kukaa karibu na deki na kusimamisha kila tangazo la biashara lilipoanza. Wengi walifanya hili la pili, wakakosea, wakabakiza sekunde chache za tangazo la sabuni au la chokoleti kabla ya kumbukia kubonyeza. Jina la filamu liliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya ubavuni. Nyuma ya kasha palikuwa na kibanzi kidogo cha plastiki: kikivunjwa, deki haiwezi tena kurekodi juu ya kilichomo. Kukivunja ilikuwa kutangaza kwamba ukanda huu hautatumika kwa jambo jingine.

Sheria ilikuwa na mashaka na vitendo hivi tangu mwanzo. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua tarehe 17 Januari 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili kukitazama baadaye hakuvunji hakimiliki. Uamuzi huo ulihusu kuahirisha kutazama. Haukuzungumzia kwa baraka hiyo hiyo mtu anayejenga maktaba. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 nayo iliruhusu kurekodi kwa ajili ya kutazama kwa wakati unaofaa zaidi, na haikutaja kuhifadhi milele. Maelfu ya rafu za sebuleni zilizojaa kanda zilisimama, kwa maneno ya sheria, mahali pasipo na ruhusa kamili.

Rafu yenye mapengo

Kanda zilizorekodiwa kiwandani zilikuwa ghali mno mwanzoni. Huko Marekani bei ya ukanda mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1980 mara nyingi ilizidi dola 50 na hata kukaribia dola 90, kwa sababu mnunuzi aliyekusudiwa alikuwa mwenye duka la kukodisha. Kadiri bei ilivyoshuka kuelekea mwisho wa muongo huo, makampuni yaligundua kwamba wapo watu wanaotaka kumiliki filamu waliyokwisha kuiona mara kadhaa, na kwamba watu hao wanapenda vitu vilivyofanana: kasha moja, rangi moja, namba ubavuni.

Hapa ndipo mfululizo wa Bond ulipokuwa na faida kuliko filamu nyingi. Kufikia mwaka 1989 kampuni ya Eon, iliyoanzishwa na Albert R. Broccoli na Harry Saltzman, ilikuwa imetoa filamu 16, na kila moja ilikamilika yenyewe. Mkusanyaji aliweza kuanzia popote. Lakini mara tu alipokuwa na tano au sita, pengo lilianza kumsumbua. Filamu asiyoipenda, pengine The Man with the Golden Gun ya mwaka 1974, ikawa ya lazima kwa sababu tu nafasi yake ilikuwa wazi. Ni tabia inayofahamika kwa kila aliyewahi kutafuta toleo moja linalokosekana la jarida.

Baada ya Licence to Kill ya mwaka 1989, mfululizo ulisimama. Migogoro ya kisheria kuhusu umiliki ilizuia filamu mpya hadi GoldenEye ilipotoka mwaka 1995. Kwa miaka 6 hapakuwa na Bond mpya katika sinema yoyote duniani. Historia nyingi za mfululizo huu hupita kipindi hicho kwa aya moja, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kumbe kwa wakusanyaji hicho ndicho kipindi kilichokolea kuliko vyote. Jasusi huyo aliishi kwenye rafu. Watoto wengi waliokuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1992 walimjua kwa ukanda tu, na hawakumjua kwa mpangilio wa miaka: Roger Moore mzee wa A View to a Kill aliweza kuja Jumamosi, na Sean Connery kijana wa Dr. No Jumapili. Wakati ndani ya rafu haukwenda mbele.

Rafu ilifichua pia mambo ambayo mtazamaji wa sinema hakuyaona. The Spy Who Loved Me ya mwaka 1977 inamaliza kwa kuahidi kwamba Bond atarudi katika For Your Eyes Only. Ukanda unaofuata kwenye rafu, hata hivyo, ni Moonraker wa mwaka 1979, kwa sababu mafanikio ya Star Wars mwaka 1977 yaliwafanya watayarishaji waharakishe hadithi ya anga za juu. Aliyeketi sinema mwaka 1977 alisahau ahadi hiyo kabla ya miaka miwili kwisha. Aliyebadilisha kanda deki ikiwa bado ina joto aliiona ahadi ikivunjwa katika dakika moja. Octopussy ya mwaka 1983 nayo inataja filamu inayofuata kwa jina ambalo halikutumika lilivyo.

Lakini tatizo lililowagawanya wakusanyaji lilikuwa Never Say Never Again. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1983, mwaka ule ule wa Octopussy, ikiwa na Sean Connery mwenyewe, lakini haikutengenezwa na Eon. Chanzo chake ni mgogoro wa haki za hadithi ya Thunderball uliomhusu Kevin McClory, ambaye alipata haki za filamu ya hadithi hiyo katika suluhu ya mwaka 1963. Ukanda wake ulitoka kwa kampuni nyingine, kwa kasha jingine, bila muziki unaojulikana na bila mdomo wa bunduki uliofungua filamu za mfululizo hadi wakati huo. Je, uwekwe wapi? Baadhi waliuweka kwa mwaka, katikati ya mfululizo, wakakubali kuharibu mstari wa rangi. Baadhi waliuweka mwisho, kando kidogo, pamoja na Casino Royale ya mwaka 1967, ile ya kichekesho. Wapo waliokataa kuununua. MGM ilipata haki za Never Say Never Again mwaka 1997, ikapata za Casino Royale mwaka 1999, na mgogoro na warithi wa McClory ukafungwa mwaka 2013. Hata baada ya hapo filamu hizo mbili zimeendelea kuachwa nje ya idadi rasmi ya filamu 25. Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili watalitambua tatizo hili. Mjadala kuhusu tungo zipi ni za Fumo Liyongo kweli na zipi zimebandikwa jina lake una umbo hilo hilo: jina moja, shujaa mmoja, na swali la nani ana mamlaka ya kufunga orodha.

Nakala zisizolingana

Hadi hapa hamu ya wakusanyaji inaonekana haina hatia. Inapaswa sasa kusemwa wazi kwamba kanda walizozipenda zilikuwa nakala mbovu.

Thunderball ilipigwa kwa mfumo wa picha pana ya Panavision, na karibu filamu zote zilizofuata zilifanya hivyo, isipokuwa Live and Let Die na The Man with the Golden Gun. Picha hiyo ina upana wa mara 2.35 ya kimo chake. Runinga ya zamani ilikuwa na upana wa mara 1.33. Ili kujaza kioo, mafundi walikata pande mbili na kusogeza dirisha kushoto au kulia kufuata anayezungumza. Kilichobaki ni kama asilimia 57 ya picha. Mapambo makubwa ya Ken Adam, ambayo yalijengwa ili jicho lipotee ndani yake, yalifika sebuleni yakiwa ukuta na kiti. Katika mazungumzo ya watu wawili walioketi mbali, mmoja alitoweka. Mtoto aliyeona You Only Live Twice mara ishirini kwa ukanda hakuwa ameiona karibu nusu ya picha ya filamu hiyo hata mara moja. Tena VHS ilibeba mistari 240 hivi tu ya undani, na nakala ya nakala ilipoteza zaidi, kama kivuli cha kivuli.

Diski za leza, ambazo wachache waliweza kuzinunua, zilirudisha picha pana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Criterion ilitoa Dr. No, From Russia with Love na Goldfinger katika diski hizo pamoja na sauti ya maelezo ya waliozitengeneza, wakiwemo waongozaji Terence Young na Guy Hamilton. Wazee hao walizungumza bila kujizuia. Eon haikuridhika na baadhi ya maneno. Diski zikaondolewa sokoni, kisha zikatolewa upya bila maelezo. Zile zilizokwisha kuuzwa zilibaki mikononi mwa wanunuzi, na ni kwa sababu hiyo tu ushahidi wa watu hao, ambao baadhi yao hawakuishi muda mrefu baada ya hapo, haukupotea. Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa thamani ya nakala iliyoko nyumbani kwa mtu.

Huko Uingereza kulikuwa na aina nyingine ya tofauti. Bodi ya kuainisha filamu ilitaka sehemu za Licence to Kill zikatwe mwaka 1989 ili watazamaji wa miaka 15 waruhusiwe, na GoldenEye mwaka 1995 ilipunguzwa ili iwafae wa miaka 12. Waingereza walikua na matoleo hayo yaliyokatwa. Mwaka 2006 matoleo kamili yalipopitishwa kwa ajili ya diski za DVD, watu wazima waligundua kwamba filamu walizozijua kwa moyo zilikuwa na sekunde wasizowahi kuziona. Itikio la wengi lilikuwa la ajabu kidogo: walifurahi kupata kilichofichwa, kisha wakaona kwamba toleo kamili ni geni kwao. Msomi wa miswada hatashangaa. Aliyehifadhi utenzi kwa ghibu kutoka nakala yenye beti pungufu husikia beti zilizorudishwa kama nyongeza.

DVD zenyewe zilikuja kwa mawimbi: toleo maalumu kati ya mwaka 1999 na 2000, kisha toleo la mwaka 2006 ambalo kampuni ya Lowry Digital ililisafisha fremu kwa fremu, kisha Blu-ray kuanzia mwaka 2008. Kila wimbi lilimwambia mkusanyaji kwamba alichonacho hakitoshi. Mwaka 2012, mfululizo ulipotimiza miaka 50, lilitolewa sanduku lenye filamu 22 na nafasi moja tupu, iliyoachwa kwa ajili ya Skyfall ambayo ilikuwa bado haijatolewa kwenye diski. Watengenezaji walikuwa wameielewa tabia ya wateja wao kiasi cha kuwauzia pengo.

Mkanda mzima

Afrika Mashariki iliupokea ukanda wa video kwa namna yake, na tofauti hiyo yaangaza pande zote mbili. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo familia iliyonunua runinga kabla ya hapo, mara nyingi ikiletwa na jamaa kutoka Ghuba, ilinunua pamoja nayo deki, kwa kuwa bila deki kioo hakikuwa na cha kuonesha. Kanda zilikodishwa, zikaazimwa, zikazunguka mtaa mzima, zikaoneshwa vibandani kwa kiingilio. Kuikusanya seti moja na kuifungia kabatini kungeonekana kama uchoyo. Mila hiyo ilikuza sanaa yake yenyewe: mfasiri anayesimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya asili. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alirekodi masimulizi ya namna hiyo jijini Dar es Salaam, na kanda zenye sauti yake zikatafutwa kwa ajili ya sauti hiyo, hata kama filamu yenyewe ilipatikana bila tafsiri. Hapo nakala haikuwa upungufu wa asili. Ilikuwa tungo mpya.

Lugha imehifadhi athari za kipindi hicho kuliko makabati. Mzizi wa ukanda na mkanda ni wa kale, wa kitu chembamba kirefu cha kufungia kiuno. Ukachukua filamu ya sinema, ukachukua kaseti, na katika Kiswahili cha mitaani ukachukua hadithi yenyewe. Anayesema kwamba alipewa mkanda mzima na jirani hakupewa kaseti. Alisimuliwa kisa tangu mwanzo hadi mwisho. Vijana ambao hawajawahi kugusa kaseti hutumia usemi huo. Steringi, yaani shujaa ambaye hadhira ya vibandani ilijua kwamba hafi, ni mtoto wa mazingira hayo hayo.

Hata neno la kumwitia Bond lina siasa yake. Kiswahili kina jasusi, kutoka Kiarabu, na kina mpelelezi, kutoka kitenzi peleleza. Kwa mazoea ya waandishi wengi, jasusi hutumwa na adui na mpelelezi ni wa upande wetu. Willy Gamba, shujaa wa Elvis Musiba aliyeanza na riwaya ya Kufa na Kupona mwaka 1974, hulinganishwa mno na Bond, lakini ni mpelelezi. Alitumwa kwa ajili ya ukombozi wa Afrika. Mwingereza wa filamu amebaki jasusi. Msamiati umemweka kila mmoja mahali pake bila kuhitaji mhakiki.

Nani anashika nakala

Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Utepe wa sumaku unachakaa, unaota ukungu, unanatana. Wakati huo huo watazamaji wengi wameacha vitu vya kushika na kuhamia kutazama kupitia intaneti. Amazon ilikamilisha ununuzi wa MGM Machi 2022, na Februari 2025 ikatangazwa kwamba udhibiti wa kisanaa wa Bond unahama kutoka kwa Barbara Broccoli na Michael G. Wilson kwenda kwa kampuni hiyo.

Mabadiliko madogo yalianza kuonekana. Mwaka 2023 wenye haki za riwaya za Fleming walizichapisha upya baada ya kuondoa baadhi ya maneno kuhusu rangi za watu. Oktoba 2025, picha za kutangazia filamu za Bond kwenye huduma ya Amazon zilionekana zikiwa zimefutwa bastola. Watu wakalalamika, picha zikabadilishwa tena. La kwanza lina hoja nzito upande wake, maana baadhi ya maneno ya Fleming kuhusu watu weusi ni ya kuchukiza, na hakuna anayelazimika kumnunulia mwanawe kitabu chenye maneno hayo. La pili ni upuuzi wa ofisini. Lakini kwa mtunza nakala yote mawili yanafanana katika jambo moja: kitabu cha zamani kilichoko rafuni hakikubadilika usiku wakati mwenyewe amelala, na picha ya kwenye intaneti ilibadilika.

Ndiyo maana si sahihi kuicheka hamu ya wakusanyaji kwa sababu kanda zao zilikuwa na ukungu na picha iliyokatwa. Wengi wao wanalijua hilo vizuri, na wana diski bora. Wanachokikumbuka ni nakala yenye tarehe. Ukanda wa Januari 1980, wenye Live and Let Die na vipande vya matangazo ambavyo mrekodi alishindwa kuvikata, sasa ni ushahidi wa kile ambacho mamilioni ya watu walikiona usiku ule, mahali kilipokatwa, na walichouziwa katikati. Matangazo yaliyokuwa kero yamekuwa sehemu adimu kuliko filamu.

Kuokoa kanda hizo ni kazi ya mkono. Inahitaji deki nzima, na deki nzima hupatikana kwa kuunganisha vipuri vya tatu zilizokufa. Inahitaji pia sheria. Uingereza iliruhusu mwezi Oktoba 2014 mtu kujinakilia kwa matumizi yake binafsi kitu alichokinunua kihalali, lakini mahakama ikaifuta ruhusa hiyo Julai 2015. Kwa hiyo mtu aliyenunua Goldfinger dukani miaka 35 iliyopita, akaitunza, na leo akataka kuihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujanatana, huvunja sheria akifanya hivyo. Wengi hufanya. Huvuta utepe ulionatana kwa vidole, sentimita chache kwa wakati, huurudisha ndani ya kasha, na kabla ya kuuingiza kwenye deki huangalia ubavuni kama kile kibanzi cha plastiki kilikwisha kuvunjwa.